Impreza iliyocheza matarumbeta juu ya Tazara

Jamaa aliyeniuzia lile gari, kila nilipomuuliza habari za injini alinijibu habari za rimu.

"Kaka, injini haina shida?"

"Hizo rimu, mkuu, ni za kwake, lilitoka nazo Japani. Sokoni hazipo."

"Oili haili?"

"Ukitaka hata ya akiba nitakutafutia."

Nililikuta limeshawashwa, injini ina moto, kiyoyozi kinapuliza, muziki umefunguliwa mpaka vioo vinatikisika. Wajuzi wa magari ya mtumba husema muuzaji akikupokea na gari lililokwisha kupata moto, mwambie alizime, urudi kesho alfajiri kabla hajaligusa. Wajuzi hao wote ni marafiki zangu, na wote walisubiri mpaka kadi imebadilishwa jina ndipo wakaniambia.

Lilikuwa Subaru Impreza S-GT ya 2008, ile hatchback, injini ya cc 1994, yenye tabo, ile feni inayosukumia hewa ndani ya injini, nguvu za farasi 250 kwa maandishi ya kiwandani na tundu kubwa juu ya boneti ambalo watu wa Dar tunaliita pua. Mimi nauza vioo vya simu Kariakoo na nilikuwa natoka kwenye Toyota IST, kigari kidogo kisicho na makuu. Mtu anayetoka kwenye IST hahitaji kubembelezwa. Akiiona hiyo pua tu anaanza kuuliza namba ya akaunti.

Asubuhi ya kwanza nyumbani nililiwasha likiwa la baridi, na hapo ndipo tukajuana. Mshale wa mizunguko ulipanda 900, ukashuka 500, ukapanda, ukashuka, na gari zima likawa linatetemeka kama mashine ya kusaga iliyomeza kokoto. Tasbihi niliyoitundika kwenye kioo ilianza kujihesabu yenyewe. Mama Nasra alitoka na mswaki mdomoni, akalitazama kwa muda, akauliza, "Baba Nasra, hili lina homa?"

Barabarani lilikuwa na ugonjwa wa pili. Ukienda nalo taratibu, halina neno. Tatizo uombe nguvu. Ukitaka kulipita lori, unakanyaga, mshale unapanda mpaka karibu 3000, pale hasa ambapo tabo inatakiwa ikusukume mgongo ugande kwenye kiti, gari linashika pumzi. Unakanyaga zaidi, halipo. Dereva wa lori anakutazama kupitia kioo chake, na wewe uko sambamba na tairi lake la nyuma, upande wa pili kuna Coaster inakuja na taa imewasha. Halafu, bila kutoa taarifa, linaachia: linaruka mbele, linakohoa, linashika tena. Nilipitwa na IST. Na mwenye IST alinipungia mkono.

Dar es Salaam ukiwa na gari bovu hukosi mganga. Fundi tairi alisema ni balansi ya magurudumu, nikamwambia linatetemeka hata likiwa limesimama kwenye maegesho, akasema balansi ikizidi hufika huko. Nikalipa. Shemeji yangu, mdogo wake mama Nasra, ambaye hana gari lakini ana maoni, akasema ni maunting za injini, ile mipira inayoishikilia, zimekufa. Tukaweka mpya. Mpira mpya ni mgumu kuliko wa zamani, kwa hiyo ule mtetemo ambao zamani uliishia kwenye boneti sasa ulisafiri mzima mzima mpaka kwenye usukani, ukapanda mikononi, ukafika kwenye meno. Mama mkwe akapiga simu kutoka Kilosa kusema gari halijaridhika na mwenyewe.

Aliyenikata maini ni kijana wa mashine. Huyu alikuja na kifaa chake cha kusomea kompyuta ya gari, akakichomeka chini ya usukani, akakaa kimya kwa namna iliyonipa matumaini. Akasoma kwa sauti: P0300. Akasoma tena: P0171. Baadaye nilikuja kuelewa zinasemaje. Ya kwanza inasema silinda zinamisi, yaani zinaruka bila kuwaka, bila mpangilio, leo hii, kesho ile. Ya pili inasema injini inapata hewa nyingi kuliko petroli iliyopimiwa. Ukiziweka pamoja, zinakushika mkono zikuonyeshe njia: nenda katafute hewa inakoingilia. Kijana alizisoma zote mbili vizuri kabisa, bila kukosea hata tarakimu, akafunga kifaa, akasema:

"Koili, bosi."

Tukabadilisha koili, zile zinazozipa plagi umeme wa cheche, zote nne. Tukabadilisha na plagi, kwa sababu alikuwa tayari huko. Na injini ya Subaru silinda zake zimelala, mbili huku mbili kule, kwa hiyo plagi haziko juu unapoweza kuzifikia kibinadamu. Ziko ubavuni, zimetazamana na bodi. Unatoa betri upande mmoja, unatoa boksi la filta upande wa pili, halafu unaingiza mkono mahali ambapo mkono haukukusudiwa kuingia. Kijana alitoka na ngozi pungufu, akaiweka kwenye bili. Tukawasha. Tasbihi ikaendelea na uradi wake.

Basi hali ikiwa hivyo, huyo huyo shemeji wa maunting akaoa.

Nilisema gari ni bovu. Nilisema mbele ya wazee. Mama Nasra akajibu kwamba ndugu yake haolewi na injini, anaoa mke, na gari litakaa barabarani muda mfupi tu, kutoka kwa kina bibi harusi Ukonga mpaka ukumbini mjini, moja kwa moja Barabara ya Nyerere. Nikamkumbusha kuwa katikati ya hiyo moja kwa moja kuna daraja la Mfugale pale Tazara, na daraja ni mlima. Akasema mlima uko Kilimanjaro.

Mpambaji akaja na riboni nyeupe na shada la maua la ukubwa wa sinia la pilau, akatafuta pa kulibandika, akaona ile pua. Tundu lile lina kazi: upepo wa barabarani unaingilia pale kwenda kuipoza intakula, sahani ya kupozea hewa iliyotoka kwenye tabo ikiwa ya moto. Nilimweleza hayo. Akaniambia, "Kaka, leo siku ya watu, gari litapoa kesho," akalibandika kwa gundi ya karatasi.

Tulitoka Ukonga vizuri. Nyuma maharusi, mbele mimi na mpambe wa bwana harusi, nyuma yetu pikapu ya matarumbeta, na msururu wa magari yanawasha taa za hazadi. Kule nyuma tuba inaunguruma, watu vituoni wanapiga vigelegele, mimi nimeshika usukani kwa vidole viwili. Mpaka Vingunguti nilikuwa nimeanza kusahau. Halafu daraja likajitokeza mbele.

Nikalikanyaga mapema, nikijua kitakachotokea nikichelewa. Mshale ukapanda. Ukafika pale pake. Likashika pumzi.

Kisha likaachia, kichwa cha bibi harusi kikaenda nyuma. Likashika, kikaja mbele. Taji lilimfikia usoni. "Shemeji," aliniita kwa sauti ya upole ya mtu ambaye bado hajawa rasmi kwenye ukoo, "kuna nini?" Nikamwambia ni foleni. Mbele yetu barabara ilikuwa tupu mpaka mjini.

Tukapanda daraja la Mfugale kwa mtindo huo: mbele, simama, mbele, simama, na shada la maua linaitikia kwa kichwa. Pikapu ya matarumbeta ikatufikia, ikaja sambamba. Yule mkubwa wao, mwenye tarumbeta, akatutazama. Akaangalia boneti inavyoinuka na kushuka. Nikaona uso wake unabadilika, nikadhani amegundua tuko kwenye matatizo. Kumbe amefurahi. Alidhani nacheza. Akainua mkono, wenzake wakakata wimbo waliokuwa nao, akampa ishara mpiga ngoma, na mpiga ngoma akaanza kulipiga gari langu lilivyo: likishika, ngoma moja nzito, likiachia, tarumbeta zote. Magari ya nyuma wakaanza kupiga honi kwa mdundo. Watu wakatoa simu madirishani. Bwana harusi, ambaye ndiye aliyeniwekea maunting, akashusha kioo, akatoa mkono nje na leso.

Trafiki aliyetukuta tuliposhuka upande wa pili alitazama, akatabasamu, akatupisha.

Usiku ule video ilizunguka kwenye status za ukoo mzima. Hakuna aliyesema gari bovu. Walisema, "Dereva ni fundi." Shangazi wa bibi harusi alinitafuta ukumbini, akaniuliza nakodisha bei gani, binti yake anaolewa mwezi wa kumi na mbili na angependa lile gari linalocheza.

Siku iliyofuata nilikwenda Mwananyamala kwa mzee mmoja ambaye gereji yake ni mwembe. Hana bango, hana ovaroli, ana kikombe cha kahawa. Hakufungua boneti. Akaniuliza, "Linatetemeka likisimama?" Ndiyo. "Likipanda mlima linakosa nguvu?" Nikampa simu atazame video. Aliitazama mpaka mwisho, akaomba nirudishe pale pa tarumbeta, akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema:

"Mwanangu, hili lina tundu. Na tundu liko mbele ya mlango wa hewa, ule unaofunguka ukikanyaga, upande wa injini."

Akanifafanulia huku anachora ardhini kwa kijiti. Gari likisimama, injini inanyonya hewa. Penye tundu itaingia hewa ya wizi, ambayo sensa ya pale kwenye filta haikuihesabu. Kompyuta inapima petroli kwa hesabu ya sensa, kwa hiyo petroli inakuwa pungufu, silinda zinamisi, gari linatetemeka. Ukikanyaga, mambo yanageuka: tabo inasukuma, na kwenye tundu lile lile upepo unatoka badala ya kuingia. Tundu moja, magonjwa mawili. Angekuwa na ugonjwa mmoja tu, alisema, angetafuta pengine.

Ili kuliona tundu, unatoa boksi la filta, unaziba mdomo wa bomba linalokwenda kwenye tabo, unajaza upepo, halafu unapaka maji ya sabuni kila kiungo na kusubiri povu. Kizibo chake alikuwa amekitengeneza mwenyewe: kifuniko cha bomba la maji taka la inchi tatu, katikati ametoboa na kupachika vali ya tairi. Upepo tukaazima kwa jirani wa tairi, hatua chache kutoka pale. Sabuni tukaomba kwa mama ntilie aliyekuwa upande wa pili wa mwembe, mbele ya gari, na masufuria yake mafigani: wali, maharage, mchicha.

"Presha 15, isizidi," mzee akamwambia kijana wa tairi. Tabo yenyewe haisukumi mbali na hapo.

Kijana akaitikia. Sasa, geji ya kompresa yake ilikwisha kufa, yeye hupima kwa sikio, na sikio lile siku hiyo lilikuwa na kazi nyingine: mteja wa pembeni alikuwa amesema jambo kuhusu Simba, na kijana ni wa Yanga. Alikuwa amechuchumaa mbele ya gari langu, mpira wa upepo umechomekwa kwenye vali, kichwa amekigeuza, anauliza, "Nani kakwambia? Nani kakwambia ile ilikuwa penati?" Upepo unaingia. Mabomba chini ya boneti yakaanza kutoa sauti ya kujinyoosha. Mzee akasema, "Wewe." Kijana akasema, "Subiri mzee, huyu hajui mpira." Mzee akasema tena, "Wewe!"

Kizibo kiling'oka.

Mlio wake sitaki kuuelezea, ila watu waliokuwa kituo cha bajaji walilala chini. Mimi nilikiona kikipita, cheupe, na mpira wa upepo umekifuata nyuma ukichapa hewani, kisha ukachomoka ukarudi kwa kijana wa tairi ukamchapa bega. Kizibo kiliendelea peke yake, kikapita juu ya benchi la wateja, kikagonga mfuniko wa sufuria ya maharage, mfuniko ukaondoka kwenda kwake, na chenyewe kikatua ndani. Mchuzi ulipanda. Ulipanda wima kabisa, ukatulia juu kidogo, halafu ukateremkia watu.

Kimya. Mteja mmoja aliyekuwa na kijiko mdomoni alikitoa polepole, akasema, "Mama, mimi nilisema wali mtupu."

Mama ntilie hakupiga kelele. Alikitoa kile kizibo kwa mwiko, akakitikisa maharage yarudi, akakigeuza, akaiona ile vali. Akauliza taratibu, "Nani mwenye tairi hili?" Vidole vyote vilinielekea mimi, cha mzee wangu wa kahawa kikiwa cha kwanza. Bili ilihesabiwa palepale, na haikuhesabiwa kwa sufuria. Ilihesabiwa kwa sahani ambazo zingetoka kwenye ile sufuria kama siku ingekuwa nzuri, pamoja na wateja ambao, kwa makadirio yake, wangekuja.

Tulirudia, safari hii kizibo kimefungwa klampu mbili na kompresa ameishika mzee mwenyewe. Upepo ukaingia kidogokidogo. Akapaka sabuni kwenye mabomba makubwa: kavu. Viungo vya intakula: kavu. Akaingiza brashi kule nyuma, kwa kupapasa, kwenye kampira kembamba kanakotoka kwenye injini kwenda kwenye vali ya kupumulia ya intakula. Akaleta tochi. Povu lilikuwa linaota, viputo vidogovidogo, kisha vikubwa, kisha limekuwa shada.

Akakachomoa, akakaweka kiganjani mwangu.

Kampira kalikuwa kamekatwa katikati na kuungwa kwa kalamu. Nasema kalamu ya kuandikia: mwili wa kalamu ya bluu, ule wa pembe sita, umekatwa kwa wembe, ncha moja imeingizwa huku na nyingine kule, pakafungwa kwa uzi wa viatu. Joto la injini limeilainisha mpaka imepinda, na ubavuni ina ufa mrefu. Si ufa tu. Kalamu hizo hutoka kiwandani na kitundu kidogo ubavuni, na kitundu nacho kilikuwepo, kimetazama juu. Yaani hata siku inawekwa ikiwa mpya, ilikuwa inavuja. Upande wa mwisho zilikuwepo alama za meno. Aliyekuwa nayo kabla ya gari alikuwa anaitafuna.

Mzee akasoma ile kazi mara moja. Kuna mtu, alisema, alitaka gari lake lipige ile "pshiii" kila akibadilisha gia, akatoa vali ya kiwandani akafunga ya makelele, inayotapika upepo nje. Kwa Subaru hiyo si dawa: upepo ule sensa imeshauhesabu, ukiutupa nje petroli yake inabaki, gari linakohoa moshi mweusi. Ili kuifunga akakata kampira. Wakati wa kuuza akarudisha vali ya asili, kampira akaona ni hasara kununua. Na kampira kenyewe ndiko kanakopeleka upepo wa injini kuishikilia ile vali ijifunge wakati tabo inasukuma. Kakivuja, vali inafunguka yenyewe, nguvu yote inazunguka mule ndani bila kufika kwenye silinda. Ndiyo ngoma ya Tazara.

Kampira kapya tulikapata Gerezani, kakipimwa kwa rula, kwa shilingi elfu tatu. Maharage yalikuwa elfu arobaini na tano.

Tukawasha. Mshale ukasimama, tasbihi ikatulia, mzee akanywa kahawa yake. Jioni nililipita lori Barabara ya Mandela kwa nguvu ambayo ilinifanya nimwombe Mungu kwa sauti. Nikampigia shangazi wa bibi harusi kumwambia kwa bahati mbaya gari limepona. Alinyamaza, akauliza kama fundi hawezi kulirudisha lilivyokuwa, hata kwa siku moja.

Kisha nikampigia yule jamaa aliyeniuzia. Sikumtukana. Nilimwambia tu kwamba nimeitoa kalamu yake, ya bluu, ina meno yake, na ninayo mkononi.

Akafikiri kidogo.

"Kaka, hapo umekosea mtu," akasema. "Mimi natumia nyeusi. Ila niambie ukweli, zile rimu bado unazo?"